Mtoto ameanza kutambaa, na tunaishi chumba na sebule: nianzie wapi kumkinga?

"Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume wa miezi 10, anatambaa kwa kasi na sasa anajishikiza kwenye kiti anasimama. Tumepanga chumba na sebule Mbagala, uani tunachangia kaya nne. Maji ni ya mgao, kwa hiyo kuna ndoo kila mahali na pipa moja la wote. Mimi nakaanga vitumbua vya kuuza kila alfajiri kwa jiko la mkaa. Mtoto anabaki na binti wa shemeji yangu wa miaka 9 mpaka aende shule. Wiki iliyopita nilimkuta kashika chupa ya soda yenye mafuta ya taa, mdomo unanuka. Alikohoa kidogo. Jirani akasema nimpe maziwa na nimtapishe kwa kidole. Maziwa nilimpa, kutapika hakutapika. Mpaka leo anacheza vizuri. Mama mkwe wangu, ambaye yuko kwetu kwa sasa, anasema watoto wake saba walikulia humohumo kwenye majiko na ndoo, na kwamba mwana akililia wembe, mpe. Mume wangu anataka kununua kile kigari cha kutembelea ili mtoto atulie. Nikiangalia mitandaoni naona vigeti, kufuli za makabati na vifuniko vya soketi, na mimi hata kabati sina. Nina shilingi elfu hamsini. Nianzie wapi?"

Marahaba, mama. Naanza na mafuta ya taa, maana nadhani hayo ndiyo yaliyokunyima usingizi.

Kwa unavyoeleza, mtoto amevuka. Mafuta ya taa huonyesha ubaya wake mapema. Mara nyingi ndani ya saa sita za mwanzo mtoto anakohoa mfululizo, anahema haraka, anapata homa au anasinzia kusiko kwa kawaida, na akishaanza kuugua hali huzidi kuwa mbaya katika siku moja mbili zinazofuata. Kwako wiki imepita na anacheza. Kama usiku akiwa amelala unamsikia anahema kwa kasi, au kikohozi bado kipo, mpeleke kituo cha afya wamsikilize kifua. Kama hana hayo, hilo la wiki iliyopita limekwisha.

Ila yale maziwa na kile kidole lazima tuviongelee, kwa sababu jirani yako alisema kile ambacho karibu kila mtu uani angesema, na ndicho kinachoua. Mafuta ya taa yakiingia tumboni hayadhuru sana. Ubaya wake ni kwenye mapafu. Ni mepesi kuliko maji na husambaa kirahisi, kwa hiyo tone likipotea njia kidogo tu kooni linatambaa mpaka ndani kabisa ya mapafu na kuunguza vile vifuko vidogo vya kubadilishia hewa. Mtoto akimeza mara moja, ana nafasi moja ya kupaliwa. Ukimtapisha, unayarudisha yale yale kooni na kumpa nafasi ya pili, safari hii yakiwa mengi na yamechanganyika na chakula. Maziwa hayakati mafuta ya taa. Yanachofanya ni kumjaza tumbo, na tumbo lililojaa hutapika kirahisi. Kwa hiyo yakitokea tena, Mungu aepushe: usimtapishe, usimpe maziwa, usimpe mafuta ya kula. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni, shika ile chupa mkononi na mwende hospitali hata kama anacheka. Watamkalisha hapo saa kadhaa wakimwangalia. Usione wanakupotezea muda, kwa sababu saa hizo ndizo zinazoonyesha kama mapafu yameguswa.

Kanuni hiyo ya kutomtapisha inashika pia kwa jiki, asidi ya betri, magadi makali ya kutengenezea sabuni na dawa za kuzibulia masinki. Hivyo vinaunguza vikishuka, na vikipanda vinaunguza mara ya pili.

Sasa turudi kwenye chupa yenyewe. Mafuta ya taa ya kuwashia mkaa tunanunua ya kupimiwa, na anayekwenda dukani anabeba chupa iliyo karibu. Sabuni ya maji nayo inauzwa mitaani kwenye chupa za maji ya kunywa, vivyo hivyo jiki ya kupimiwa. Mtoto wako ameshaona mara nyingi watu wakubwa wakiinua chupa kama hiyo na kunywa. Hakufanya utundu, alifanya alichoona. Hapo kwako weka sheria moja ya nyumba nzima: kisichonyweka hakiingii kwenye chupa ya kinywaji, hata kwa usiku mmoja. Tafuta kidumu kidogo chenye mfuniko wa kukaza, ukifunge waya shingoni na ukitundike kwenye msumari juu ya kimo cha macho yako. Msumari mmoja, waya kidogo, na jambo limekwisha.

Nimeona unaumizwa na maneno ya mama mkwe wako, nami sitaki umjibu kwa ukali, kwa sababu baadaye nitakuomba umtumie. Watoto saba kukua wote ni neema, na yeye anasema alichokiona. Lakini wembe wa kwenye methali anapewa mtu anayeweza kukumbuka kidonda na kukihusisha na wembe. Mtoto wa miezi 10 anaelewa sauti yako ikibadilika, ukisema "acha!" anaweza kusimama, akakutazama, hata akalia. Dakika mbili baadaye anarudi palepale. Sehemu ya ubongo inayomwezesha mtu kujizuia asifanye anachokitamani ndiyo kwanza inaanza kukua, na mtoto hawezi kutegemewa kwa "usiguse" kabla ya miaka mitatu au minne. Mfundishe, ndiyo, kila siku, kwa maneno mafupi. Ila usiuache moto wazi kwa kuwa ulishamwambia. Na kumchapa kunamfundisha jambo moja tu, kwamba asiguse wakati mama anaangalia.

Na wewe mwenyewe usijidanganye kwamba macho yako yatatosha. Hakuna mzazi anayeweza kumwangalia mtoto anayetambaa kuanzia asubuhi mpaka jioni huku anakaanga, anafua, anapika na kuhesabia wateja chenji. Ushauri wangu wote humu umejengwa juu ya hilo: weka umbali au kizuizi kati ya mtoto na kile kinachoweza kumuua, ili siku utakayogeuka kidogo, na utageuka, pasitokee kitu. Michubuko, kuanguka akijifunza kusimama, kula mchanga kidogo, hayo mwachie. Tunashughulika na yale yasiyorudishika.

Kwa nyumba yako, la kwanza ni maji.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Tukisikia kuzama tunafikiria bahari au mto. Kwa mtoto anayetambaa, ndoo inatosha, na sababu ni ya umbo lake. Kichwa chake ni kikubwa na kizito kulinganisha na kiwiliwili. Anajishikiza ukingo wa ndoo, anainama kutazama kile kinachomeremeta, uzito unahamia mbele, miguu inaachia sakafu. Mikono yake haina nguvu ya kujisukuma kurudi juu. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ina kilo 20 na yeye ana kilo 8 au 9, kwa hiyo haianguki ikammwaga. Inasimama imara naye akiwa ndani kichwa chini. Wala hutasikia kelele, kwa sababu mdomo uko majini. Maji ya sentimita tano yakimfunika pua na mdomo yanatosha, na ubongo ukikosa hewa kwa dakika nne hadi sita huanza kuharibika. Huo ni muda wa kwenda dukani kununua chumvi na kurudi.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza nenda nayo kwenye madumu. Dumu la lita 20 lenye mdomo mwembamba na mfuniko wa kuzungusha ndicho chombo salama kuliko vyote vya kuwekea maji penye mtoto mdogo: hawezi kuinama ndani, hata likikaa wazi. Nunua yaliyobeba mafuta ya kula, usichukue yaliyobeba dawa za shambani au kemikali za kiwandani hata ukiyaosha vipi. Hamishia humo maji yote ya akiba, kisha ndoo zibaki mbili tatu za matumizi ya saa ile ile, zikimalizika zigeuzwe chini juu. Beseni la kufulia limwagwe mara nguo zinapotoka. Povu juu ya maji ndilo linalomvuta zaidi. Bafuni weka komeo upande wa nje, juu kabisa ya mlango.

Pipa la wote ni gumu kidogo kwa sababu si lako peke yako. Mfuniko uliolazwa tu juu haufai kitu: mtoto mkubwa kidogo akiuegemea unateleza na kuingia naye. Kata mpira wa tyubu ya baiskeli, uufunge kuzunguka mdomo wa pipa juu ya mfuniko, au uupitishe kutoka mkono mmoja wa pipa mpaka mwingine. Mtu mzima anaufungua kwa sekunde mbili, mtoto hawezi. Zungumza na wenzako wa kaya zile nyingine kabla hujafanya, na uwaonyeshe wewe mwenyewe jinsi ya kufungua, vinginevyo utaukuta umetupwa siku ya pili. Katika mazungumzo hayo hayo ongeleeni chemba ya maji taka. Kama kifuniko kimevunjika au kinacheza, nendeni kwa mwenye nyumba mkiwa wote, maana mpangaji mmoja akilalamika huambiwa avumilie.

Ikitokea mtoto ametolewa majini hapumui, msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo ili maji yatoke. Maji ya tumboni si tatizo, tatizo ni hewa. Mlaze chali, inua kidevu kidogo, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako umpulizie pumzi tano ndogo, kila moja mpaka uone kifua kinainuka. Asipoamka, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole gumba viwili, viganja vikiwa vimezunguka kifua, mara 30, kwa haraka, kifua kizame theluthi ya kina chake, kisha pumzi mbili, kisha 30 tena, bila kuacha mpaka apumue au mfike hospitali. Akizinduka bado aende hospitali. Ukipata nafasi ya mafunzo ya huduma ya kwanza kwenye kituo cha afya au kwa Msalaba Mwekundu, nenda, kwa sababu kusoma na kufanya kwa mikono ni vitu viwili.

La pili kwako ni ile saa ya vitumbua, nayo inanitia hofu kuliko kitu kingine chochote ulichoandika. Mafuta ya kukaangia yanafika nyuzi joto 180 hivi. Maji ya nyuzi 60 tu yanaweza kumuunguza mtoto vibaya kwa sekunde moja, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba kuliko yetu. Na jiko la mkaa liko chini, kimo kile kile cha kifua chake. Kuna giza, una unga mkononi, una wateja wanaosubiri kabla ya daladala, na mlinzi ni binti wa miaka 9 ambaye naye ana usingizi.

Binti huyo anaweza kucheza na mtoto. Hawezi kuwa kizuizi kati yake na moto. Akipitiwa na mtoto akaungua, atabeba hatia ambayo hakupaswa kubebeshwa. Mpe kazi ndogo aiwezayo: akimwona mdogo wake anaelekea jiko au ndoo, apige kelele kukuita.

Una njia tatu, nami nitazipima wazi. Kumbeba mgongoni wengi hufanya hivyo, na ni kweli hatatambaa kuingia kwenye jiko. Lakini ukiinama kugeuza vitumbua uso wake unakaribia mvuke na matone ya mafuta, mkono wake unapita begani, na pindo la kanga linaning'inia juu ya makaa. Kwa kuchota maji au kufagia, mgongoni ni pazuri. Kwa kukaanga, hapana. Kuinua jiko juu ya matofali kunasaidia, mradi jukwaa liwe pana na lisicheze, na mpini wa chombo usielekee nje. Jiko lililoinuliwa vibaya ni hatari kuliko la chini, maana likipinduka linamwaga kutoka juu.

Njia ya tatu ndiyo ninayokushauri: mtoto awe ndani na wewe uwe nje, na katikati pawe na kigeti. Si lazima kile cha dukani. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea cha mbao cha kukaa mlangoni, kimo cha sentimita 70 hadi 75, fito zikiwa zimesimama wima ili asipate pa kukanyaga apande, na nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6 ili kichwa kisipite. Awekee bawaba na komeo la upande wa nje ambalo mtu mzima analifungua kwa mkono mmoja. Apige msasa vizuri, na asiache misumari iliyochomoza. Hapa ndipo sehemu kubwa ya elfu hamsini yako iende. Patana na fundi kabla, mbao za mabaki zinatosha.

Ndani abaki na nani? Na bibi yake. Usimwambie mama mkwe kwamba njia zake ni za zamani. Mwambie, "Mama, naomba alfajiri hizi uniwekee mjukuu wako ndani mpaka nimalize kukaanga, nikiwa najua yuko na wewe mkono wangu hautetemeki." Mtu aliyelea saba atajua la kufanya. Akirudi kwake, mume wako achukue zamu hiyo kabla hajatoka, au mpange na jirani, na kama hakuna kabisa, afadhali ukaange akiwa bado amelala, kigeti kimefungwa na mlango uko wazi umsikie. Kitu kimoja usikifanye kamwe: kumfungia mtoto ndani kwa kufuli ukaondoka. Moto ukianza, kwa mshumaa au kwa dawa ya mbu ya kuchoma iliyoshika chandarua, hakuna atakayemfikia.

Kupanga ulinzi kwa saa si jambo dogo. Bangladesh waligundua kwamba watoto wadogo wengi walikuwa wakizama kwenye madimbwi karibu na nyumba kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana, wakati mama yuko kazini au jikoni. Vijijini wakafungua vituo vya kulelea vinavyoitwa anchal kwa saa hizo tu, mama mmoja wa kijiji akiangalia watoto wengi kwa pamoja. Vifo vya kuzama kwa watoto waliokuwa wakipelekwa huko vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ninyi mko kaya nne. Kama kuna watoto wengine wa umri huo, mnaweza kupeana zamu: mama mmoja asubuhi hafui wala hapiki, kazi yake ni watoto.

Ukitoka kwenye mafuta, kumbuka chai na uji. Watoto wa umri huu huungua zaidi kwa vimiminika vya moto kuliko kwa moto wenyewe, na mara nyingi ni kikombe kilichoachwa ukingoni mwa meza au sufuria ya uji iliyowekwa sakafuni ipoe. Chai iliyomiminwa bado inaweza kuunguza ngozi ya mtoto baada ya robo saa. Usinywe chai ukiwa umempakata. Ondoa kitambaa cha meza, maana kwa mtoto anayejifunza kusimama pindo lake ni kamba ya kujivutia. Chupa ya chai ikae juu. Maji ya kumwogeshea yaanze na ya baridi, ya moto yaongezwe juu yake, upime kwa kiwiko. Aliyezoea kuanza na ya moto kuna siku ataitwa mlangoni kabla hajaongeza ya baridi. Kama mnachemsha maji ya kuoga kwa ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, iwe mahali ambapo mtoto hafiki kabisa, kwa sababu hapo kuna maji ya moto, umeme na waya wa kuvuta kwa pamoja.

Jiko likizimika usilihesabu limepoa. Makaa yaliyofunikwa na majivu yanaunguza kiganja kwa saa nyingi baadaye, na kiganja kilichoungua kikipona vibaya kinavuta vidole vikajikunja. Wala mvua isikufanye uingize jiko la mkaa ndani mlale nalo. Linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasinzia asiamke.

Akiungua, maji. Maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili, upesi iwezekanavyo, na hata kama saa moja au mbili zimepita bado yanafaa. Bomba halitoki? Mimina kwa kopo kutoka kwenye dumu, pole pole, ukirudia. Mvue nguo na bangili, ila kilichogandia kwenye ngozi kiache. Mfunike sehemu nyingine za mwili asipate baridi, kisha weka kitambaa safi kilichopigwa pasi juu ya kidonda. Dawa ya meno, yai, unga, asali na barafu vyote hapana. Dawa ya meno inatulia kwa dakika chache kwa ule ubaridi wake, kisha inafungia joto ndani na kuleta uchafu, na hospitali watalazimika kuikwangua juu ya ngozi mbichi ili waone kidonda. Kidonda kinachozidi ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, au kilichopo usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo, kipelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Cha umeme pia, hata kikiwa kidogo kama tundu la sindano, maana umeme huunguza zaidi ndani kuliko nje.

Tukiwa kwenye umeme, vile vifuniko vya plastiki vya soketi ulivyoviona mitandaoni usinunue. Soketi zetu za matundu matatu ya mraba ni za mtindo wa Uingereza, na nyingi zina milango midogo ndani inayoziba matundu mawili ya chini mpaka pini ndefu ya juu iingie. Kifuniko cha plastiki ndicho kinachoifungua milango hiyo, na mtoto akikichomoa au kikivunjika, matundu yamebaki wazi. Uingereza kwenyewe, mwaka 2016 mamlaka ya afya iliagiza hospitali na vituo vya kutunza watu viache kuvitumia. Hatari kubwa kwetu ni nyingine: chaja ya pini mbili, tunabonyeza tundu la juu kwa kalamu au kijiti ili iingie. Mtoto ameketi chini anatazama. Nunua adapta ya pini tatu, achaneni na kalamu. Ekstensheni za bei rahisi zenye matundu ya kila aina hazina milango hiyo, kwa hiyo ipande ukutani au ikae nyuma ya kitu kizito asichoweza kusogeza.

Kigari cha kutembelea nacho mwambie baba mtoto asinunue. Najua anakitaka kwa mapenzi, na anadhani kitamtuliza mahali pamoja. Kinafanya kinyume. Mtoto anayetambaa unaweza kumwahi. Akiwa ndani ya kigari anakwenda karibu mita moja kwa sekunde moja, na amepewa kimo cha kufikia chai mezani na jiko. Hakimfundishi kutembea pia, kinaweza kumchelewesha. Canada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Fedha hiyo ndiyo ya kigeti.

Vitu vidogo nitavipitia haraka, ila usivipuuze. Karanga nzima, bisi, mbegu za ubuyu na sarafu ndivyo vinavyoziba koo. Karanga mpe zilizosagwa tu mpaka afike miaka mitano. Akipaliwa akashindwa kulia au kukohoa, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mgongoni kati ya mabega mara tano, mgeuze, bonyeza kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara tano, rudia. Usimpe maji, usiingize kidole kutafuta usichokiona. Betri ndogo ya duara, ile ya rimoti na midoli inayowaka taa, ikikwama kooni inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili tu. Ukihisi ameimeza, hata kama hulioni tatizo, nenda hospitali yenye eksirei saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na dawa. Kama ulibakiwa na vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki ukiwa mjamzito, vinafanana na peremende na ni miongoni mwa sumu mbaya kuliko zote kwa mtoto mdogo. Dawa za sukari na presha za bibi nazo: kidonge kimoja cha sukari kinaweza kumshusha mtoto sukari mpaka azimie. Wazee wetu wanazifunga kwenye pindo la kanga pamoja na sarafu, na pindo hilo ndilo mjukuu anachezea akiwa mapajani. Mpatie mama mkwe kopo lenye mfuniko wa kukaza, mlitundike juu kwenye mfuko wake. Sumu ya panya ya kumwagia pembeni mwa kuta, katika miezi hii isiingie nyumbani kabisa, tumieni mtego.

Kuna hali ambazo hazisubiri ushauri wa mtu yeyote, wangu nikiwemo: anahema kwa shida au mbavu zinaingia ndani, amezimia au haamki vizuri, ana degedege, ameanguka kichwa akatapika zaidi ya mara moja, midomo imebadilika rangi, amemeza kitu usichokijua. Usiku ambulensi inaweza kuchelewa, kwa hiyo leo hii andika namba za madereva wawili wa bajaji mnaowaamini, ukutani, mahali ambapo hata yule binti wa miaka 9 anaweza kuzisoma. Ya zimamoto na uokoaji ni 114.

Fanya hivi: leo, chupa ya mafuta ya taa na ndoo, maana hazihitaji hela. Kesho zungumza na mama mkwe kuhusu alfajiri. Wiki hii madumu na fundi. Halafu mwezi wa pili au wa tatu kuanzia sasa angalia upya kila kitu, kwa sababu atakuwa anatembea, na baadaye kidogo ataanza kusukuma stuli hadi chini ya ule msumari wa kidumu.